Kukausha Nyumba Gainesville: Biashara ya Siku Tatu za Mwanzo

Gainesville ni mji wa chuo kikuu ulio kaskazini ya kati ya jimbo la Florida, Marekani. Sensa ya 2020 iliukuta na wakazi wapatao 141,000, na Chuo Kikuu cha Florida peke yake kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Mji uko mbali na Atlantiki na mbali na Ghuba ya Mexico, kwa hiyo mawimbi yanayosukumwa na vimbunga hayaufikii. Hata hivyo kampuni za kukausha nyumba zilizoingiwa na maji hazikosi kazi mwaka mzima. Maji ya Gainesville hushuka kutoka juu ya paa, huvuja ndani ya kuta, na mara mojamoja hupanda kutoka ardhini.

Mvua ya mwaka hufikia takribani milimita 1,200, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba, alasiri, kwa mvua za radi zinazomwaga mengi kwa muda mfupi. Vimbunga huja juu ya hayo. Mwaka 2004 Frances na Jeanne viliupiga mji huo ndani ya mwezi mmoja wa Septemba. Mwaka 2017 kikaja Irma. Upepo wenyewe huwa umepungua nguvu vinapofika bara, lakini mji umejaa mialoni mikubwa, na kuna aina za mialoni ambazo zikizeeka huoza ndani huku nje zikionekana nzima. Tawi likitoboa paa la vigae vya lami, saa moja ya mvua inatosha kulowesha dari ya nyumba nzima. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya msimu, kabla hata ya kukausha, ni kupanda juu na kutandaza turubai.

Ardhi nayo ina tabia yake. Chini kuna miamba ya chokaa iliyotobokatoboka, na baadhi ya mabonde hayana mto wa kuyatoa maji. Yakijaa, maji husubiri kunywewa na ardhi. Uwanda wa Paynes Prairie, kusini mwa mji, ni mfano unaojulikana na kila mwenyeji: shimo linaloumwaga liliziba mwaka 1871, uwanda ukawa ziwa la kupita meli za mvuke kwa karibu miaka 20, kisha likazibuka na ziwa likatoweka. Baada ya Irma maji yalirudi hadi yakafunika sehemu ya barabara kuu ya 441. Nyumba iliyojengwa kwenye bonde la namna hiyo inaweza kukaa salama miaka mingi, halafu ikakaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa.

Kimbunga, hata hivyo, si mteja wa kila siku. Mteja wa kila siku ni bomba la mashine ya kufulia lililopasuka, tangi la maji ya moto lililotoboka kwa kutu, na mfereji wa kiyoyozi ulioziba. Kazi hizo ndogo ndizo zinazolipa mishahara. Dhoruba huleta kishindo cha wiki mbili tatu ambapo simu huita mfululizo na mashine hazitoshi. Kampuni inayonunua vifaa vya kutosha dhoruba kubwa huviona vimelala ghalani miezi tisa. Hapo ndipo majina makubwa kama Servpro, iliyoanza California mwaka 1967, yanapopata faida yao: kila tawi humilikiwa na mtu wa mahali hapo anayelipia haki ya kutumia jina, na baada ya kimbunga magari na mashine huletwa kutoka matawi ya majimbo mengine. Fundi mdogo wa Gainesville hana ndugu wa kumwazima mashine.

Kinachouzwa katika biashara hii ni muda. Kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni bodi za jipsamu zilizofunikwa karatasi, na karatasi iliyolowa ni chakula cha kuvu. Mamlaka za afya na mazingira za nchi hiyo hushauri kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kwani baada ya hapo kuvu huanza kuota. Mwenye nyumba akipiga simu saa nane za usiku, thamani ya fundi ni kufika kabla ya alfajiri; akifika kesho kutwa, kazi imeshageuka kuwa ya kubomoa.

Mafundi hufuata mwongozo uitwao S500, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1994 na taasisi ya IICRC. Mwongozo huo huyagawa maji katika makundi matatu: safi, kama ya bomba, yenye uchafu kiasi, kama ya mashine ya kufulia, na machafu kabisa, yaani majitaka na mafuriko ya nje. Maji safi yakiachwa sakafuni siku kadhaa hushuka daraja, kwa hiyo kuchelewa hubadili hata jina la tatizo. Zulia lililolowa maji safi huweza kuokolewa. Lililoguswa na majitaka hutupwa, pamoja na sufi iliyo ndani ya ukuta, na bodi hukatwa. Mafundi hupenda kukata kwa urefu wa sentimita 60 au 120 kutoka sakafuni, kwa kuwa bodi huuzwa kwa upana wa sentimita 120 na kipande cha kurudishia hupatikana bila kupoteza.

Baada ya maji kunyonywa kwa pampu, hupangwa feni za sakafuni za kupuliza kuta na mashine za kunyonya unyevu hewani. Feni peke yake huhamisha tu unyevu kutoka ukutani kwenda hewani. Mashine isipoutoa hewani, utatua dari ya chumba cha pili. Kwa sababu hiyo ushauri wa jirani wa kufungua madirisha ni mbaya kabisa kwa Florida, ambako hewa ya asubuhi ya kiangazi huwa imeshiba maji. Fundi hurudi kila siku na kipima unyevu, huandika namba za kila ukuta, na huondoa mashine pale mbao zinapolingana na zile za chumba kisicholowa. Nyumba ya kawaida huchukua siku tatu hadi tano. Sakafu za mbao ngumu huchukua zaidi, na zile nyumba kongwe za mtaa wa Duckpond, zilizoinuliwa juu ya nguzo, huwa na unyevu wa chini yake wa kushughulikiwa pia.

Zile namba za kila siku ndizo ankara. Mlipaji kwa kawaida ni kampuni ya bima, na bei hutolewa kwa programu ya Xactimate, yenye orodha ya bei za kila eneo: feni moja kwa siku, mashine moja kwa siku, mita za bodi zilizokatwa. Mkadiriaji hasara wa bima huuliza kwa nini feni zilikuwa nane na si tano, na kwa nini zilikaa hadi siku ya tano. Fundi asiye na kumbukumbu hupunjwa. Fundi mwenye tamaa huacha mashine zikinguruma siku mbili za ziada.

Florida iliumia sana kwa mvutano huo. Kwa miaka mingi mwenye nyumba aliweza kumkabidhi fundi haki yake ya kudai bima, na fundi akaishtaki kampuni kwa jina lake mwenyewe. Jimbo hilo likawa na chini ya moja ya kumi ya madai ya bima za nyumba nchini, lakini zaidi ya asilimia 70 ya kesi zake. Kampuni kadhaa za bima zilifilisika. Sheria ya Desemba 2022 ilifuta ukabidhi huo kwa mikataba ya bima iliyotolewa kuanzia 1 Januari 2023 na kupunguza muda wa kutoa taarifa ya hasara hadi mwaka mmoja. Dawa ilikuwa kali lakini ilistahili. Gharama yake ni kwamba fundi sasa anaweza kudai amana kwa mwenye nyumba kabla ya kuwasha mashine, na mwenye nyumba wa kipato kidogo ndiye anayekwama.

Usimamizi wa ufundi wenyewe una pengo. Kuondoa kuvu kwenye eneo linalozidi futi 10 za mraba kunahitaji leseni ya jimbo, na aliyekagua kuvu haruhusiwi kuliondoa katika jengo hilohilo ndani ya miezi 12. Kukausha maji, kazi inayoamua kama kuvu litaota au la, hakuna leseni yake.

Wapangaji wanafunzi huongeza mkanganyiko. Mikataba mingi ya pango huanza Agosti, msimu wa vimbunga ukipanda. Vyumba vikiachwa likizo huku kiyoyozi kimezimwa, uvujaji mdogo haugunduliwi, na mikataba mingi ya bima hukataa uvujaji uliodumu siku 14 au zaidi. Bima ya mwenye jengo haifidii kompyuta wala godoro la mpangaji. Huyo anahitaji bima yake. Sheria ya jimbo humruhusu mpangaji kuvunja mkataba na kuhama ikiwa nyumba imeharibika, bila kosa lake, kiasi cha kutokalika vizuri.

Maji yaliyopanda kutoka nje hayamo kabisa katika bima ya kawaida ya nyumba. Hayo hufidiwa na mpango wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanzishwa mwaka 1968, hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo. Bima hiyo kwa kawaida huanza kazi siku 30 baada ya kununuliwa, na msimu wa vimbunga hufunguliwa 1 Juni. Anayeinunua kimbunga kikishatajwa kwenye taarifa ya hali ya hewa atalipia ukaushaji kwa fedha yake.