Taa ya Tairi Ikiwaka, Usiifumbie Macho

JE, msomaji, umewahi kuiona taa ndogo ya manjano ikiwaka mbele ya usukani, yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati? Wengi huipuuza na kuendelea na safari, ilhali watoto wamo ndani ya gari.

Taa hiyo yakuarifu kwamba upepo umepungua. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila linapozunguka, hupata joto jingi na hatimaye huweza kupasuka, hasa gari likiwa na mizigo na likienda kasi. Mnamo 2000, baada ya tairi za Firestone kwenye magari ya Ford Explorer kuhusishwa na ajali zilizoua watu Marekani, kampuni hiyo iliagiza tairi zipatazo milioni 6.5 zirudishwe. Mwaka uo huo Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na tangu magari ya 2008, kila gari dogo jipya huko sharti lionye upepo ukipungua kwa asilimia 25.

Katika magari mengi, kazi hiyo hufanywa na kidude kilichofichwa ndani ya gurudumu, penye valvu. Mafundi hukiita sensa. Kina betri yake, ambayo hudumu kati ya miaka 5 na 10 hivi. Ikifa, kwa kawaida sensa nzima hubadilishwa.

Utajuaje tofauti? Taa ikiwaka bila kupepesa, pima upepo. Ikipepesa kwa muda wa dakika moja hivi kisha itulie ikiwaka, huenda mtambo wenyewe una kasoro.

Hapo ndipo utamhitaji fundi mwenye vyombo. Kimoja hushikwa mkononi karibu na gurudumu, kikaamsha sensa moja baada ya nyingine na kuonyesha iliyokufa, bila tairi kufunguliwa. Kingine huchomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, kikasoma namba za hitilafu kutoka kwa kompyuta ya gari.

Lakini tahadhari! Namba si hukumu. P0301, kwa mfano, yasema silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Haisemi ununue nini. Huenda ni plagi, koili au injekta. Fundi anayesoma namba na kukutuma dukani papo hapo anabahatisha kwa pesa zako. Mwulize, "Umepima nini kingine?"

Si kila gari lina mtambo huu. Kwa hivyo, kabla ya kuwapeleka jamaa zako mashambani, soma kibandiko kilicho penye mlango wa dereva, kisha pima tairi zote asubuhi zikiwa baridi, pamoja na spea. Mfunze mwanao kushika kipimo. Siku moja atakuwa dereva yeye.