Mandy Moore: Televisheni ilimpa nafasi ya kuzeeka

Katika tamthilia ya This Is Us, Rebecca Pearson ana watoto watatu: Kevin, Kate na Randall. Waigizaji waliowacheza watoto hao wakiwa watu wazima wote walimzidi umri mama yao. Sterling K. Brown alizaliwa 1976, Justin Hartley 1977 na Chrissy Metz 1980. Mama mwenyewe, Mandy Moore, ni wa Aprili 10, 1984. Kituo cha NBC cha Marekani kilipoanza kuirusha tamthilia hiyo, Septemba 20, 2016, alikuwa na miaka 32. Sehemu ya kwanza ilimwonyesha akiwa kijana anayejifungua. Mwishoni mwa sehemu ya pili akabisha hodi nyumbani kwa Randall akiwa bibi wa watu, miaka sitini na ushee, na wajukuu wakamkimbilia mlangoni.

Aliyemfahamu Moore kwa kibao chake cha 1999, "Candy", alihitaji muda kuamini kwamba huyu ni yule yule. Binti aliyeuzwa duniani kwa sura ya utoto alikuwa amepewa kazi ya kuwa kikongwe, na akaifanya kwa miaka sita mfululizo bila mtazamaji kushtukia gundi wala wigi. Katika maisha yake yote ya sanaa, hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilolifanya, na naamini bado hajalipwa sifa anazostahili.

Moore alizaliwa Nashua, New Hampshire, na akakulia karibu na Orlando, Florida. Baba yake alikuwa rubani na mama yake aliwahi kuwa mwandishi wa habari. Bibi yake alikuwa mcheza dansi wa majukwaani London, na huenda ndiko damu ya sanaa ilikotoka. Akiwa bado mtoto wa shule alikuwa akiitwa kuimba wimbo wa taifa kabla ya mechi za Orlando. Kisha ikaja bahati. Siku moja alikuwa studio akirekodi, na mfanyakazi wa kampuni ya FedEx aliyekuja kuleta mizigo akaisikia sauti yake. Bwana yule alikuwa na rafiki katika kampuni ya muziki ya Epic, akampelekea rekodi ya binti huyo. Epic ikamsainisha.

Alikuwa na miaka 15 "Candy" ilipotoka, Agosti 1999. Kwenye video yuko na marafiki zake na gari dogo la Volkswagen la kijani, nywele za rangi ya dhahabu, tabasamu muda wote. Wimbo ulifika nafasi ya 41 katika chati ya Billboard Hot 100, na albamu ya So Real iliyofuata Desemba mwaka huo ikapata hadhi ya platinamu Marekani. Kwa binti wa umri huo hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini ulikuwa mwaka wa Britney Spears, Christina Aguilera na Jessica Simpson, na kampuni za muziki zilikuwa zikiwatoa wasichana kwa fomyula moja: nyimbo zinaandikwa na watu wazima, nguo zinachaguliwa na watu wazima, msichana anatakiwa aimbe, acheze na atabasamu. Moore alihesabiwa wa nne katika kundi hilo. Akapelekwa ziarani na NSYNC na Backstreet Boys, akapewa kipindi MTV, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa ameshatoa albamu tatu.

Baadaye alisema kwamba angeweza angewarudishia fedha zao wote walionunua albamu zake mbili za kwanza. Mimi simuungi mkono moja kwa moja. Nyimbo zilikuwa nyepesi, ndiyo, lakini sauti haikuwa nyepesi. Sikiliza anavyoshuka kwenye noti za chini katika "I Wanna Be with You" ya mwaka 2000: kuna utulivu pale ambao wenzake wa rika lake hawakuwa nao. Tatizo halikuwa mwimbaji. Waliomwandalia kazi hawakuwa na haja na utulivu ule.

Alipopata upenyo wa kwanza wa kuchagua mwenyewe, alichagua nyimbo za watu waliomzidi umri. Mwaka 2003, akiwa na miaka 19, alitoa Coverage, albamu nzima ya nyimbo za zamani za wasanii kama Joni Mitchell, Carole King na Joan Armatrading. Ilifika nafasi ya 14 katika chati ya albamu, lakini mauzo hayakuifurahisha kampuni, na yeye na Epic wakaachana. Katika albamu hiyo kuna wimbo wa Cat Stevens, "Moonshadow". Msomaji auweke akilini, maana una safari ndefu mbele.

Wakati huo sinema ilikuwa imeshamwita. Mwaka 2001 alicheza msichana mwenye kiburi katika The Princess Diaries. Mwaka 2002 ikaja A Walk to Remember, filamu iliyotokana na riwaya ya Nicholas Sparks, ambapo yeye ni Jamie Sullivan, binti wa mchungaji anayeugua saratani ya damu. Mastaa wa pop wanapopewa kamera huwa wanajipamba. Yeye aliingia na sweta lililopwaya na nywele zisizovutia macho, akaacha uso ufanye kazi. Filamu hiyo imeliza watu wengi hadi leo. Mwaka 2004 akageuka kabisa katika Saved!, akicheza mlokole anayewahukumu wenzake hadi kuwatupia Biblia. Aliyeziona filamu hizo mbili kwa kufuatana alijua kwamba huyu si mwimbaji aliyekopeshwa nafasi ya kuigiza.

Kisha kukawa na ukame. Wild Hope ya 2007 na Amanda Leigh ya 2009 zilikuwa albamu za mtu mzima, nyimbo alizoshiriki kuziandika mwenyewe, lakini hazikumrudisha kileleni. Machi 2009 alifunga ndoa na mwanamuziki Ryan Adams. Baada ya Amanda Leigh hakutoa albamu nyingine kwa karibu miaka 11. Februari 2019 gazeti la New York Times lilichapisha simulizi za wanawake kadhaa kuhusu Adams, na Moore alikuwa mmoja wao. Alieleza jinsi mumewe alivyomtawala kisaikolojia na kumfungia milango ya muziki, akimwambia kwamba si mwanamuziki wa kweli kwa sababu hapigi chombo chochote. Adams alikanusha kupitia wakili wake; mwaka 2020 aliomba radhi hadharani. Ndoa yao ilikuwa imeshavunjika rasmi mwaka 2016.

Ninalisema jambo hili kwa uzito kwa sababu ni rahisi kusimulia kwamba Moore "aliacha muziki akaenda kuigiza", kana kwamba alibadilisha daladala kituoni. Sauti ya mwanamke huyu ilizimwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, akiwa katika umri ambao mwimbaji ndipo anakomaa.

Hata hivyo ilikuwa ni sauti hiyo hiyo iliyomfungulia mlango mwingine. Mwaka 2010 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni ya Tangled, na sauti ya Rapunzel, ya kuzungumza na ya kuimba, ni ya Moore. Februari 2011 alisimama jukwaa la Oscar na Zachary Levi kuimba "I See the Light", wimbo wa filamu hiyo uliokuwa ukishindania tuzo. Aliyeandika mswada wa Tangled anaitwa Dan Fogelman. Miaka michache baadaye, Fogelman huyo huyo ndiye aliyekuwa akitafuta mwigizaji wa kuwa Rebecca Pearson.

Kufikia hapo Moore alikuwa amechoka. Tamthilia ya Red Band Society aliyoshiriki mwaka 2014 ilifutwa baada ya msimu mmoja, na nyingine kadhaa alizorekodia sehemu za majaribio hazikufika hata hewani. Ameeleza mwenyewe kwamba alifikiria kuachana na kazi hii.

This Is Us inasimulia familia moja kwa kuruka miaka mbele na nyuma. Rebecca na mumewe, Jack, wanatarajia watoto watatu kwa mpigo. Mmoja anafariki wakati wa kuzaliwa, na siku hiyo hiyo wanamchukua mtoto mchanga mweusi aliyeachwa kituo cha zimamoto. Kwa hiyo ndani ya wiki moja ya kazi Moore angeweza kuwa msichana anayekutana na Jack, mama wa watoto wa shule, mjane, na bibi. Kwa Rebecca mzee alikaa kwenye kiti cha vipodozi takribani saa tatu kila mara, akibandikwa ngozi bandia usoni na shingoni kipande kwa kipande, na timu iliyoongozwa na Zoe Hay. Lakini vipodozi haviigizi. Mwangalie anavyokaa kitako, anavyosubiri nukta moja kabla ya kujibu, sauti inavyoshuka na kukauka kidogo. Hachezi uzee wa kutetemeka mikono na kushika kiuno, ule tuliouzoea kwenye michezo mingi. Anacheza mtu ambaye amekula chumvi nyingi na anazo sababu za kutokuwa na haraka.

Zaidi ya yote, Rebecca ni mwimbaji. Ni msichana aliyetaka muziki, akaenda kujaribu bahati yake Los Angeles ikashindikana, akalea watoto, na alipojaribu kurudi jukwaani ndoa yake ikatikisika. Ugomvi wa Jack na Rebecca mwishoni mwa msimu wa kwanza, wakiwa wamesimama jikoni na sebuleni wakirushiana maneno ya miaka mingi, ni miongoni mwa matukio makali kuliko yote ya tamthilia hiyo. Sehemu hiyo inaitwa "Moonshadow". Ndani yake tunaona pia usiku Jack alipomwona Rebecca mara ya kwanza, akiimba kwenye baa, na anaimba wimbo ule ule wa Cat Stevens ambao Moore aliurekodi akiwa na miaka 19.

Msimu wa nne Rebecca anaanza kusahau. Ni ugonjwa wa Alzheimer, na tamthilia haikuukimbia. Msimu wa sita, kwenye harusi ya Kate, anaimba "The Forever Now", wimbo ulioandikwa na Siddhartha Khosla, mtunzi wa muziki wa tamthilia hiyo, akishirikiana na Taylor Goldsmith. Goldsmith ni kiongozi wa bendi ya Dawes, na tangu Novemba 2018 ni mume wa Moore. Miezi michache kabla ya harusi yao, Machi 2018, wawili hao na marafiki zao walikuja Tanzania na kupanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Moore alisema ilikuwa ndoto yake tangu akiwa na miaka 18.

Muziki nao ulirudi. Silver Landings ilitoka Machi 6, 2020, wiki hiyo hiyo ambayo korona ilikuwa ikianza kufunga dunia, na ziara yake ikafa kabla ya kuanza. In Real Life ikafuata Mei 2022. Safari hii alikatisha ziara kwa sababu ya ujauzito wa mtoto wake wa pili.

Njia hii ya kutoka muziki kwenda televisheni si ngeni kwetu. Sanaipei Tande, mzaliwa wa Mombasa, aliibuka mwaka 2004 kwenye shindano la Coca-Cola Popstars na kundi la Sema, na leo watazamaji wengi wanamtaja kwa jina la Nana Tandala wa tamthilia ya Kina. Naye alihitaji televisheni impe mhusika wa kumtosha.

Wapo wanaodhani mafanikio kama ya Moore humaanisha utajiri usiokauka. Julai 2023, waigizaji wa Marekani walipogoma, Moore alikuwa mstari wa mbele akieleza kwamba amewahi kupokea hundi za mirabaha ya This Is Us kutoka kwenye huduma za kutazama kwa intaneti zenye thamani ya senti 81. Huyu ni mwigizaji mkuu wa tamthilia iliyotazamwa na mamilioni. Alisema wazi kwamba yeye ana bahati na kwamba hasemi kwa ajili yake, bali kwa wenzake wanaoishi kwa hundi hizo. Mgomo uliisha Novemba mwaka huo baada ya siku 118. Wala umaarufu haukumkinga na maafa: Januari 2025, moto ulioteketeza mtaa wa Altadena, California, uliharibu nyumba yake na kuiunguza studio ya mumewe pamoja na vyombo vya muziki.

Tuzo? Waigizaji wa This Is Us walishinda kwa pamoja tuzo ya chama chao, SAG, mwaka 2018 na 2019. Yeye peke yake aliteuliwa Golden Globe kwa msimu wa kwanza, na Emmy mara moja tu, 2019. Msimu wa mwisho, ambao Rebecca ndiye aliyeubeba mabegani, haukumpatia hata uteuzi wa Emmy. Emmy walikosea, na kosa lao linaonekana wazi katika sehemu moja, "The Train", iliyorushwa Mei 17, 2022. Rebecca yuko kitandani anakata roho, mzee, macho yamefumba, watoto wanaingia mmoja mmoja kumuaga. Wakati huo huo, akilini mwake, yuko kijana, anapita behewa baada ya behewa la treni akikutana na watu wa maisha yake. Moore ni wote wawili, na mmoja wao hana neno hata moja la kusema.

Kama unamfahamu kwa "Candy" tu, itafute sehemu hiyo, ya 17 katika msimu wa sita. Lakini usianzie hapo. Anzia ile ya kwanza. Zote ziko 106.