Mashine Iliposema Panda, Mtu Akasema Shuka

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, karibu na mji wa Überlingen kusini mwa Ujerumani, njia za ndege mbili zilikuwa zikielekea kukutana, zote kwenye kimo cha futi 36,000. Mwongoza ndege wa Zürich, aliyebaki peke yake zamuni, aliwaamuru marubani wa Tupolev ya Urusi washuke. Sekunde chache baadaye kifaa chao cha kuzuia migongano angani, TCAS, kikawaambia wapande. Wakaendelea kushuka. Ndege ya pili, Boeing 757 ya mizigo, ilitii TCAS yake, nayo ikashuka.

Watu 71 walikufa, wengi wao watoto.

TCAS hutuma mawimbi kila sekunde kujua ndege jirani iko umbali na kimo gani, hukadiria muda uliobaki kabla hazijakutana, kisha hukubaliana na kifaa cha ndege ile ya pili ili moja ipande na nyingine ishuke. Usiku ule vifaa vyote viwili vilitoa amri sahihi. Kilichokosekana ni kanuni moja iliyo wazi kwa marubani wote: amri zikipingana, atiiwe nani?

Dalili zilishaonekana. Januari 2001, ndege mbili za Japan Airlines ziliponea chupuchupu kugongana baada ya moja kumfuata mwongoza ndege badala ya TCAS. Watu wapatao 100 waliumia.

Kwa hiyo kupima kifaa cha namna hii ni kumpima pia rubani anayekisikiliza. Nchini Marekani, Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT hutumia kumbukumbu za rada za safari halisi kuiga kwenye kompyuta mamilioni ya makutano angani: rubani akitii mara moja, akichelewa, asipotii kabisa. Hatari inayobaki hulinganishwa na ile ambayo ingekuwapo bila kifaa. Hesabu hiyo haina budi kujumuisha migongano ambayo kifaa chenyewe kingeisababisha, pale ambapo ndege zingepishana salama kama kingenyamaza.

Baada ya Überlingen, kanuni za kimataifa zilieleza wazi kwamba rubani afuate TCAS hata mwongoza ndege akisema vingine. Toleo la 7.1 la TCAS likaundwa ili ligeuze amri upesi ndege nyingine isipotii. Pia amri ya kurekebisha kasi ya kupanda au kushuka, ambayo baadhi ya marubani waliitekeleza kinyume, iliondolewa; sasa huambiwa tu wanyooshe ndege. Ulaya ililazimisha toleo hilo kwenye ndege zote kubwa za abiria kufikia Desemba 2015.