Nyandungu: njia ya miguu inayouwekea mji mpaka

Basi linalotoka Kabuga kuelekea Remera hupita Rusororo, hushuka Mulindi, kisha hufuata bonde la kijani ambalo abiria wengi hulitazama kwa dakika chache na kulisahau wanapofika kituoni. Bonde hilo ni Nyandungu. Tangu Julai 2022 lina lango, mabwawa na njia za miguu na baiskeli zenye urefu wa jumla ya kilomita 10, zinazopita kando ya maji katikati ya mji mkuu wa Rwanda. Familia huja hapa mwishoni mwa juma, vijana huja kupiga picha, wakimbiaji huja kabla ya jua kuwa kali. Hata hivyo, njia hii haikujengwa kwanza kwa ajili ya mapumziko. Ilijengwa ili maji yapate mahali pa kwenda, na ili mji ujue mahali pa kukoma.

Hifadhi yenyewe ina takriban hekta 120: hekta 70 hivi ni ardhioevu na 50 ni msitu, katika ukanda unaozigusa wilaya za Gasabo na Kicukiro. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 2016 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ya Rwanda, REMA, na iligharimu karibu faranga bilioni 4.5. Ilipandwa miti ipatayo 17,000 ya aina 55 za asili, na ndege wa aina zaidi ya 100 wamehesabiwa humo. Kuna pia bustani ya miti ya dawa iliyopewa jina la kukumbusha ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili nchini mwaka 1990. Kabla ya hapo, bonde lilikuwa limechoka: watu walilima humo, walichunga mifugo, na maji machafu yaliingia bila kizuizi.

Tusimame kidogo kwenye neno lenyewe. Sisi tunaotafsiri habari kutoka Kinyarwanda kwenda Kiswahili hukutana na neno igishanga karibu kila wiki, na kila mara kuna uamuzi wa kufanya. Tukiandika "kinamasi", msomaji huona tope, mbu na mahali pa kutupa taka. Tukiandika "ardhioevu", tunatumia neno la wataalamu, lililo sahihi na safi, lakini ambalo mama mwenye shamba la viazi bondeni hatalitamka kamwe. Igishanga kwa mkulima wa Rwanda ni mahali pa chakula wakati wa kiangazi, pale kilimani kunapokauka. Maneno haya matatu yanataja ardhi ileile, na mabishano mengi kuhusu mabonde ya Kigali hutokana na kwamba kila upande unatumia lake. Neno moja tu halina ugomvi: mafunjo, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa urufunzo. Hata asiyesoma isimu husikia kwamba hilo ni neno moja lililosafiri.

Na mafunjo ndiyo kiini cha habari hii.

Maji ya haraka na maji ya polepole

Kigali ni mji wa vilima, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha kwenye kilima chenye miti na mashamba, sehemu kubwa ya maji huzama ardhini. Ikinyesha juu ya mabati, lami na saruji, haina pa kuzama. Hesabu ni nyepesi: paa la mita za mraba 100, likipata mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja, hutoa lita 4,000 za maji, yaani madumu 200 ya lita 20. Kabuga ya leo si kituo kidogo cha barabarani cha zamani. Ni mji unaokua, na kila mwaka nyumba mpya huongezeka kwenye miteremko ya Rusororo. Zidisha madumu hayo 200 kwa idadi ya mapaa ya mtaa mmoja tu, halafu ujiulize maji hayo yanafika wapi dakika kumi baada ya mvua kuanza.

Wakazi wa Nyamirambo na Kimisagara wanalijua jibu, kwa sababu wana Mpazi. Mkondo ule hupokea maji ya miteremko yenye nyumba zilizosongamana, na umejengewa kuta ili upite upesi kuelekea Nyabugogo. Maji yanayopita upesi yana nguvu. Hubomoa, hubeba udongo na taka, na yakifika tambarare yote kwa wakati mmoja, hufurika. Mpazi haina kosa. Imefundishwa kukimbia.

Nyandungu imefundishwa kinyume chake. Maji yanayoingia hupitia mfululizo wa mabwawa yaliyochimbwa kuyapokea. Katika bwawa la kwanza mwendo hupungua, na mchanga na tope zito huzama. Kisha maji husambaa katikati ya mafunjo na majani mengine ya majimaji, ambayo shina zake zilizosongamana huyakawiza zaidi. Mizizi hufyonza naitrojeni na fosforasi, zile mbolea na uchafu wa majumbani ambavyo vikiachwa hulisha magugu ya majini. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi hiyo humeng'enya sehemu nyingine ya uchafu. Yanapotoka upande wa pili, maji ni machache kwa saa, yametulia na ni safi kuliko yalivyoingia. Hakuna mashine, hakuna umeme. Kinachohitajika ni nafasi na muda, na katika mji ambao bei ya kiwanja hupanda kila mwaka, nafasi ndiyo ghali.

Hapo ndipo njia ya miguu inapopata maana. Sheria ya Rwanda hutaka ukanda wa mita 20 kutoka ukingo wa ardhioevu uachwe bila ujenzi. Lakini mita 20 zilizoandikwa kwenye karatasi huliwa taratibu: leo banda la kuku, mwakani ukuta, baadaye chumba cha kupangisha. Ukingo wenye njia inayopitwa na watu kila siku una walinzi wasiolipwa. Anayekimbia hapo asubuhi huona bomba jipya la maji machafu kabla ya mkaguzi, na ukuta unaosogea humsumbua mtu ambaye jana alipita pale pakiwa wazi.

Somo lililotoka Rugezi

Rwanda haikujifunza thamani ya ardhioevu kutoka kwenye vitabu. Ilijifunza gizani. Kaskazini mwa nchi, kinamasi kikubwa cha Rugezi hulisha maziwa ya Burera na Ruhondo, ambayo maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka na Mukungwa. Rugezi ilipolimwa na kukaushwa, na ukame ukaongezeka, kina cha maziwa kilishuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 umeme ukapungua hadi nchi ikalazimika kukodi jenereta za dizeli kwa gharama kubwa, na wananchi wakailipa gharama hiyo katika ankara zao. Serikali iliwazuia watu kulima humo, kingo zikapandwa miti na majani, na maji yakarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kazi hiyo. Tangu hapo, kwa maofisa wa mazingira, kinamasi kilikoma kuwa ardhi isiyo na kazi.

Lakini Rugezi ilifundisha pia jambo la pili, ambalo hutajwa kwa sauti ya chini: kila bonde linaporejeshwa, kuna mtu anayeondoka. Mkulima hupoteza shamba la kiangazi. Katika Kigali, fundi hupoteza gereji. Wasomaji wetu wengi wana ndugu au rafiki aliyefanya kazi katika gereji za Gatsata, ukingoni mwa Nyabugogo, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya spana na injini kuliko lugha nyingine yoyote. Oili iliyomwagwa pale iliingia mtoni. Hilo halina ubishi. Pia halina ubishi kwamba fundi anayehamishwa huacha wateja aliowajenga kwa miaka mingi. Gikondo nako, viwanda vilivyokuwa bondeni vilitakiwa kuhama, na vingi vikaelekezwa katika ukanda maalumu wa kiuchumi wa Masoro, ambao sasa ni jirani wa Nyandungu. Kwa hiyo maji ya Nyandungu yana majirani wapya wanaostahili kutazamwa kwa makini, na usafi wa mabwawa yake utategemea pia kile kinachotoka kwenye mifereji ya viwanda.

Karibu zaidi na Kabuga

Mkazi wa Kabuga asiyetaka kufika Nyandungu ana bonde jingine jirani zaidi. Katika tarafa ya Rusororo ipo Umusambi Village, yenye hekta 21 za ardhioevu iliyorejeshwa na shirika lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana. Humo wanaishi korongo wenye taji, wale ambao Kinyarwanda huwaita imisambi, waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini kama mapambo. Wengi walikatwa mabawa au kuvunjwa mifupa ili wasiruke, na hawawezi tena kurudishwa porini. Zaidi ya 50 wanaishi hapo, wakitembea kwenye majani marefu kando ya njia ileile anayotembea mgeni.

Habari ya ndege hawa ina uzito wake hapa, kwa kuwa korongo mwenye taji hutaga kwenye kinamasi. Kinamasi kikikauka, kiota hakipo. Hesabu iliyofanywa nchini mwaka 2017 ilipata ndege 487 tu. Kufikia mwaka 2023 idadi ilikuwa imepita 1,000. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na ndege waliochukuliwa majumbani na kurudishwa katika Hifadhi ya Akagera, na sehemu nyingine na mabonde yaliyoachwa yapumzike. Ni nadra kupata takwimu ya mazingira inayopanda badala ya kushuka, na mwandishi wa makala haya anakiri kuwa alifurahi kuitafsiri.

Kutembea si bure

Kuingia Nyandungu hulipiwa. Wasimamizi husema fedha hizo hutunza njia na miti, na hoja hiyo ina nguvu: hifadhi nyingi barani zimekufa kwa kukosa mtu wa kufyeka na kuzoa. Kiwango kwa mkazi wa Rwanda ni cha chini kuliko kwa mgeni wa nje. Hata hivyo, mama mwenye watoto wanne anayetoka Kabuga hulipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajafika langoni, na akijumlisha, matembezi ya Jumapili huwa ni bei ya chakula cha siku. Ikiwa walinzi bora wa ukingo ni wapitaji wa kila siku, basi kila anayebaki nje kwa sababu ya kiingilio ni mlinzi mmoja aliyepungua. Nadhani hoja hii inapaswa kuwekwa mezani pamoja na ile ya matunzo, wala isichukuliwe kuwa ni lawama.

Kwa anayekwenda, yafaa kujua machache. Asubuhi ndiyo saa ya ndege na ya hewa baridi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia huwa na utelezi, lakini huo ndio msimu wa kuona bonde likifanya kazi: simama karibu na bwawa la kwanza saa moja baada ya mvua, utazame rangi ya maji, kisha tembea hadi mwisho uyatazame tena.

Maji hayo hayaishii Kigali. Yote hatimaye huingia Nyabarongo, ambao mbele huwa Akagera, hupita Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania na kumwagika katika Ziwa Victoria. Tope lisilozama Nyandungu linaweza kuzama mbele ya mvuvi wa Bukoba. Mwaka 2025 Kigali iliingizwa katika orodha ya miji inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar kwa kutunza ardhioevu zake.

Sasa kazi imehamia mabonde mengine matano: Gikondo, Rwampara, Kibumba, Nyabugogo na Rugenge-Rwintare, jumla ya karibu hekta 500, kwa msaada wa Benki ya Dunia na washirika wengine. Kwa wasomaji wa Kiswahili, la kutazamwa zaidi ni Rwampara, kwa sababu liko chini ya miteremko ya Biryogo, mtaa ambao umezungumza lugha hii tangu mji ulipokuwa kituo cha wafanyabiashara. Njia za miguu zimo katika michoro ya huko pia. Wazee wa Biryogo wana haki ya kuuliza mapema lango litawekwa upande gani wa bonde, na kama kijana wa mtaani atalazimika kununua tiketi ili kuteremka mahali ambapo baba yake alikuwa akikata majani.