Nilipofunza Kabla ya Kufunzwa

Mwezi wa Januari 1974 nilishuka basi mjini Machakos, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Mombasa, mkononi sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne. Chuo cha ualimu nilikuwa sijakikanyaga. Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 1973, Mzee Kenyatta alikuwa ametangaza kuondolewa karo tangu darasa la kwanza hadi la nne, na katika mwaka mmoja watoto wa skuli za msingi nchini wakapanda kutoka kiasi cha milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Walimu waliohitimu hawakutosha. Ndipo tukaandikwa sisi wasiohitimu.

Nilipewa darasa la kwanza, watoto tisini na watatu, katika chumba ambacho kuta zake zilikuwa hazijafika madirishani. Wengine walikuwa wa miaka sita, wengine wamekaribia kubaleghe. Kiswahili changu, nilichokionea fahari, hakikunifaa kitu. Walinitazama kama mtu anayeimba. Neno la kwanza la Kikamba nililolishika ni kiw'u, yaani maji, kwa kuwa kila kiangazi kilipokaza ndiyo iliyokuwa sababu ya nusu ya darasa kutofika.

Kilichoniokoa ni chuo, si cha ualimu bali kile cha Kurani cha utotoni, ambako aliyekwisha pita Juzuu ya Amma humshikisha mdogo wake alifu, na maalim akisikiliza kando. Nikawagawia wale wakubwa wadogo watano watano, chini ya mwembe, wakiandika mchangani kwa kidole. Mkaguzi alipotujia alikunja uso. Lakini kufikia Agosti wengi walikuwa wakisoma.

Hodari wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Karo ilikuwa imeondoka, kweli, ila ziliingia pesa za jengo, na pengine zilizidi hiyo karo yenyewe. Muhula wa tatu nilipewa orodha ya wasiolipa niwarudishe kwao. Niliisoma kwa sauti kavu, na jina lake limo. Sikuuliza. Jumamosi ya pili nilikwenda kwao. Nyanyake akaniambia ameshapelekwa Nairobi, kazi ya uyaya.

Jumatatu wale watano wake walikuwa wamekaa mahali pao chini ya mwembe. Waliniuliza, kwa Kiswahili safi, mwalimu wao atarudi lini.