Sindano, Vidonge na Mifupa ya Mama



Tukizunguka vikundini, hapa Tena na huko vijijini pia, swali moja linarudi kila mara: ni kweli sindano ya miezi mitatu inakula mifupa? Kuulizwa si neno. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kuna kina mama wanaosikia habari hizi sokoni, wakarudi nyumbani na kuacha dawa zote, hata za ARV. Kwa hivyo tulizungumze polepole.

Mfupa si jiwe, kwamba ukishawekwa umewekwa. Ni kitu hai. Ndani yake mna mafundi wa aina mbili: hawa wanabomoa sehemu iliyochakaa, wale wanajenga mpya mahali pale pale. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mtu akifikia kama miaka 30 mfupa huwa umejaa kadiri utakavyojaa. Kwa mwanamke, msimamizi wa mjengo huu ni homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni kama tarishi: mwili humtengeneza na kumtuma kwa njia ya damu apeleke amri. Amri ya estrojeni kwa wabomoaji ni, "Hapo panatosha."

Daktari mmoja wa Boston, Marekani, Fuller Albright, aliandika na wenzake mwaka 1941 kwamba wagonjwa wao wa mifupa iliyopungua walikuwa wengi wao wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Hedhi ikikoma, msimamizi ameondoka, na miaka ya kwanza ndiyo mfupa huliwa kwa kasi. Ndiyo maana nyanya huteleza kidogo tu uani na nyonga ikavunjika. Sisi husema ni uzee, au ni kuni alizobeba.

Sasa tuje kwa sindano. Depo hutuliza kazi ya mayai, na estrojeni hushuka. Basi uvumi wa sokoni una chembe ya ukweli. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliagiza onyo kuhusu mifupa liandikwe kwenye dawa hiyo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilisema wanawake wa miaka 18 hadi 45 wasizuiwe kuitumia kwa sababu hiyo, kwa kuwa mtu akiacha, mfupa hurudi kwa kiasi kikubwa.

Lakini je, mama mwenye virusi vya ukimwi? Yeye anameza pia tenofovir, dawa iliyomo katika kile kidonge kimoja cha siku ambacho wengi hapa Kenya wanatumia. Tenofovir nayo hupunguza mfupa kidogo. Aliyelifuatilia swali hili ni Daktari Flavia Kiweewa Matovu wa Kampala, jirani zetu hapa, kwenye mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na kile cha Johns Hopkins. Yeye na wenzake walipima mifupa ya wanawake kwa mashine ya eksirei, mgongoni na nyongani, wakawarudia kuwapima kwa muda wa miaka miwili hivi. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: waliotumia tenofovir na depo pamoja walipoteza mfupa takriban mara mbili ya waliotumia tenofovir bila sindano.

Mfupa kupungua si kuvunjika, tuelewane hapo. Na ARV ndizo zinazomweka mama hai, asiziache hata siku moja. Kinachotakiwa ni kwenda kliniki na kumwambia nesi yote mawili: "Natumia kidonge hiki, na nachoma sindano hii." Mara nyingi vinatolewa vyumba tofauti, na wa huku hajui ya kule. Muulize kama iko njia nyingine isiyoshusha estrojeni. Zipo. Msimamo wa Kanisa mnaujua, na njia ya asili tulifundishwa parokiani. Lakini mama asiyeelezwa habari za mwili wake hatachagua vizuri, awe anafuata njia gani.

Waliokwisha koma hedhi wasikimbilie kununua vidonge vya homoni. Husaidia mfupa, ni kweli, ila mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa sehemu yake kwa sababu saratani ya matiti ilizidi kwa waliopewa homoni mbili pamoja. Hilo ni la daktari.

La jikoni tunaliweza wenyewe. Mjenzi hafanyi kazi bila mawe, na mawe ya mfupa ni kalisi: maziwa, mala, terere, ufuta, wimbi. Jua la kutosha mwilini husaidia kalisi iingie. Kutembea na kulima hukaza mfupa. Sigara na pombe huudhoofisha. Na omena msimtoe kichwa wala miiba, mleni mzima.