Kifurushi Kimefika, Maelezo Yako Wapi?

Subira huvuta heri, walinena wahenga. Wahenga hao hao hawakusahau kutuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika chama cha sayansi ninachokilea hapa Kutus, tumezionja methali zote mbili katika muhula mmoja.

Wanafunzi walichanga fedha, tukaagiza kutoka kwa mchuuzi mdogo jijini Nairobi vifurushi viwili vya vipuri vya elektroniki. Kila kimoja, kikiunganishwa, kingekuwa kengele ya kutujulisha tangi la maji linapojaa. Vililetwa na matatu siku ya pili. Ndani mlikuwa na kibao cha saketi, rezista, kapasita, transista na kipaza sauti kidogo. Karatasi ya maelezo haikuwemo. Tulipopiga simu, tuliambiwa ingefuata wiki ijayo. Wiki hiyo imezaa wiki saba.

Msomaji atauliza: je, mwalimu wa fizikia anahitaji karatasi ya nini? Swali hilo ni la haki. Rezista hujieleza kwa rangi zake: kahawia, nyeusi na nyekundu ni 1, 0, kisha sifuri mbili, yaani omu 1,000. Hata hivyo, rangi haisemi rezista hiyo iwekwe wapi kwenye kibao. Transista mbili zenye umbo moja huweza kutofautiana kwa mpangilio wa miguu. Nayo kapasita ya elektroliti ikigeuzwa, chanya ikakaa mahali pa hasi, huweza kufura na kupasuka.

Yetu moja ilipasuka. Kosa ni langu pia, kwani niliruhusu tukisie. Hakuna aliyeumia, lakini mvulana aliyeilehemu aliondoka akisema kwamba sayansi haikuumbiwa watu kama yeye.

Hapo ndipo penye uchungu. Maelezo yanapokosekana, mwanafunzi hailaumu karatasi; huilaumu akili yake. Hasara ya fedha hulipika. Hasara ya kijana aliyejikatia tamaa ni vigumu kuifidia.

Historia inatufunza kwamba mambo huweza kuwa vingine. Mwaka wa 1947 kampuni ya Heath ya Marekani ilianza kuuza osiloskopu ambayo mnunuzi aliiunganisha mwenyewe nyumbani. Sifa ya bidhaa zake, zilizojulikana kama Heathkit, ilitokana zaidi na vijitabu vyake. Kila hatua iliandikwa peke yake, na kando yake paliachwa nafasi ya kutia alama baada ya kuikamilisha. Watu wasiowahi kushika chuma cha kulehemu waliunda redio zikalia.

Simkusudii mchuuzi wetu ubaya. Aghalabu mtu wa namna hiyo ndiye mnunuzi, mfungaji na mpokea simu, na kuandika ni kazi isiyolipiwa. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Maelezo basi si zawadi ya kutolewa muuzaji akipata nafasi. Ni sehemu ya bidhaa, sawa na kipuri chochote.

Na sisi walimu tujitazame kwenye kioo hicho hicho. Ni mara ngapi tumewapa wanafunzi jaribio la maabara kwa maneno mawili ubaoni, kisha tukawaita wazembe waliposhindwa? Anayejua kazi husahau upesi jinsi alivyokuwa hajui.

Kifurushi cha pili kingali mezani. Tumeacha kungoja. Wanafunzi wanafuatilia kwa penseli njia za shaba zilizo mgongoni mwa kibao, wakichora saketi nzima na kuiandikia hatua kwa Kiswahili. Mvulana yule nimemwendea mwenyewe na kumwomba arudi, kwa kuwa ndiye ajuaye vyema zaidi ni hatua gani inayohitaji onyo. Iwapo kengele italia, ukurasa huo tutamtumia mchuuzi bila malipo, kwa sharti moja: asiuze kifurushi kingine bila kuutia ndani.